Shule ya Kutwa Iliyotakiwa Kugeuzwa Chuo cha Ufundi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Molo

Katika muhula wa pili wa mwaka 2025, wakazi wa kata moja ya Kaunti Ndogo ya Molo, upande wa Elburgon, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, waliitwa barazani kutoa maoni kuhusu pendekezo la kuigeuza shule yao ya upili ya kutwa kuwa chuo cha mafunzo ya ufundi. Pendekezo lilikuwa limeandikwa katika ukurasa mmoja na nusu. Naibu wa chifu alilisoma kwa sauti huku upepo ukitaka kumpokonya karatasi, na alipomaliza, watu walikaa kimya kwa muda kabla ya mkono wa kwanza kuinuliwa. Shule hiyo sitaitaja kwa jina, kwa sababu ingali na watahiniwa ambao hawapaswi kuingia chumba cha mtihani wakiwa wamebeba mzozo wa watu wazima. Nilihudhuria mabaraza mawili na mkutano mmoja wa wazazi, nikazungumza na walimu, kisha nikaomba nifunguliwe jengo ambalo lilitajwa mara nyingi barazani ingawa wachache walikuwa wameliingia miaka ya karibuni, yaani karakana ya zamani iliyo nyuma ya maktaba.

Wenye pendekezo walikuwa na hoja tatu. Kwanza, shule ilikuwa imebaki na wanafunzi wasiofika 150. Pili, matokeo yake ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa muda mrefu yalikuwa yakimpeleka mtoto mmoja mmoja chuo kikuu, na wengine wote wakirudi nyumbani na cheti kisichowafungulia mlango. Tatu, vijana waliomaliza kidato cha nne walikuwa wamejaa kwenye stendi ya bodaboda au wakisubiri msimu wa kuchimba viazi ili wapate kibarua cha siku mbili tatu. Chuo, walisema, kingewapa useremala, uashi, ushonaji, ufundi wa magari na umeme wa nyumba. Mwakilishi wa wadi aliyelitetea pendekezo alikumbusha pia kwamba vyuo vya Kisumu na Sigalagala, ambavyo leo ni vyuo vya kitaifa vya ufundi, viliwahi kuwa shule za upili za kiufundi kabla ya mageuzi ya miaka ya 1980 kuvigeuza taasisi za mafunzo.

Hoja hizi si za kupuuzwa, na waliozipuuza barazani hawakutenda haki. Katika KCSE ya 2024 waliopata C+ na zaidi, alama ambayo ndiyo kizingiti cha kuingilia shahada, walikuwa karibu robo ya watahiniwa wote nchini. Robo tatu zilizobaki zinahitaji njia nyingine, na katika shule ndogo za kutwa uwiano huo huwa mbaya zaidi, kwa sababu shule hizo hupokea watoto waliokosa nafasi kwingine, mara nyingi zikiwa na walimu wachache na maabara isiyokuwa na gesi. Mzazi anayeuliza mwanawe atafanya nini na D+ anauliza swali la haki, na anastahili jibu zito kuliko nasaha za kutia bidii.

Hata hivyo, hesabu ya wanafunzi iliyowashtua wazazi wengi ndiyo iliyokuwa na kasoro kubwa zaidi. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliouandika wakaingia kidato cha kwanza Januari 2024 wakiwa kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Waliowafuata walikuwa katika mtaala mpya wa umilisi, nao wakabaki katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ambayo iliwekwa ndani ya shule za msingi. Kwa hiyo Januari 2025 shule za upili za umma hazikupokea kidato cha kwanza. Zote zilibaki na vidato vitatu. Shule yenye wanafunzi 40 katika kila kidato huwa na 160 kwa vidato vinne, na ikikosa kidato kimoja hubaki na 120 bila mtoto hata mmoja kuhama. Pesa nazo hufuata vichwa: mgao wa serikali umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo watoto 40 wasiokuwepo ni pengo la shilingi 889,760 kwenye karatasi, kabla hata ya kuhesabu kuchelewa kwa mgao wenyewe, jambo ambalo walimu wakuu wamelizoea kama mvua ya Aprili.

Aliyeandika kwamba shule imepoteza wanafunzi hakueleza haya, na sidhani alikusudia kudanganya. Nadhani alizitazama takwimu za mwaka mmoja akaandika alichokiona. Lakini kosa hilo lilizaa jingine. Mwaka huohuo wanafunzi wa Gredi ya 9 walikuwa wakichagua shule za sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, watakazojiunga nazo Januari 2026, na habari kwamba shule inageuzwa chuo ilikuwa imeshafika sokoni kabla ya baraza la kwanza. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na kituo cha matatu aliniambia kwamba yeye na majirani zake waliwakataza watoto wao kuijaza shule hiyo kwenye fomu, kwa kuwa walidhani isingekuwepo. Basi pendekezo lililoletwa kwa sababu ya uchache wa wanafunzi likawa lenyewe linawapunguza, na kila lilipozidi kujadiliwa ndivyo ushahidi wake ulivyozidi kujitengeneza.

Wa kwanza kusimama katika baraza la kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye hisa. Ili msomaji wa mbali aelewe neno hilo, sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda huu ilikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru mashamba mengi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi waliochanga pesa kidogokidogo, wengi wao wakiwa vibarua waliozaliwa kwenye mashamba hayohayo. Shamba lilipogawanywa, vipande vilitengwa kwa ajili ya shule, zahanati na soko. Mzee huyo alikuja na mfuko wa plastiki, akautoa bahasha, na ndani ya bahasha kukatoka risiti za mchango wa harambee za miaka ya 1970. Niliziomba nizione mkutano ulipokwisha. Zilikuwa karatasi ndogo, wino wake wa bluu umefifia kuwa kijivu, na kila moja ilikuwa na jina la mchangaji, kiasi cha pesa, sahihi ya mweka hazina na, kwenye mstari wa madhumuni, neno moja: sekondari. Kidole chake kilikaa juu ya neno hilo muda wote aliokuwa akizungumza nami. Alisema kwamba yeye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne, kwamba aliuza kondoo wawili ili alipe mchango ule, na kwamba hakuchangia karakana wala kituo cha mafunzo, alichangia sekondari.

Mbele ya sheria risiti zile hazina nguvu kubwa, kwa sababu shule ni ya umma na si ya wenye hisa. Lakini mchango unaombwa kwa madhumuni yaliyotajwa, na anayetaka kuyabadilisha madhumuni hayo baada ya nusu karne ana wajibu wa kwenda kwanza kwa waliochanga, awaketishe, awaeleze na awasikilize, kabla ya kuwaitia baraza la hadhara na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Hilo halikufanyika, na naamini nusu ya uchungu uliosikika siku ile ulitokana na hilo pekee. Mahali ambapo simwungi mkono mzee ni pale aliposema kwamba ufundi ni wa wale walioshindwa. Vijana waliokuwa wamesimama pembeni, baadhi yao mafundi, waliinamisha vichwa.

Msemaji aliyeupa mjadala kina alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mama aliyewafundisha wengi wa waliokuwepo, na ambaye kila mtu, chifu akiwemo, alimwita Mwalimu bila kuongeza jina. Yeye alieleza chuki ile imetoka wapi. Mwaka 1908, alisema, wanafunzi wa Maseno waligoma wakikataa kuzidishiwa kazi za mikono na wakidai wafundishwe vitabu. Mwaka uliofuata, Profesa Fraser, aliyeletwa na serikali ya kikoloni kuchunguza elimu, alipendekeza Waafrika wapewe mafunzo ya kazi za viwandani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki, na ripoti yake ikasisitiza kilimo na ufundi kuwa ndiyo elimu inayomfaa Mwafrika. Mababu zetu, alisema Mwalimu, hawakuichukia randa wala jembe, kwani walikuwa wakivitumia kila siku; walikataa kuchaguliwa mahali pa kusimama na mtu ambaye mwanawe hatasimama hapo. Kisha akaelekeza mkono upande wa Njoro, akauliza kama kuna anayejua Chuo Kikuu cha Egerton kilianza kama nini. Kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya kuwaandaa vijana wa Kizungu kuendesha mashamba ya nyanda hizi. Mafunzo yale nayo yalikuwa ya kazi, lakini yalitolewa kwa watu waliokuwa na ardhi, mikopo na soko, na leo mahali hapo ni chuo kikuu. Aliuliza: watoto wetu wakimaliza kozi ya miezi kadhaa, watakuta nini mkononi zaidi ya cheti?

Nimelitafakari swali hilo mara nyingi tangu siku ile, hasa kwa sababu jibu lake lilitolewa na mtu ambaye hakuna upande uliokuwa umemwita kama shahidi. Alikuwa fundi seremala wa makamo, mwenye kibanda kando ya barabara, ambaye kwa miaka mingi aliendesha msumeno katika kiwanda cha mbao. Elburgon na Molo zimeishi kwa mbao tangu enzi za walowezi, kwanza mitarakwa ya msituni, kisha misaipresi na misindano ya kupandwa. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na ni mpaka Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza, akiwa hukohuko Molo, kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Katikati hapo ipo miaka zaidi ya mitano. Fundi alisema maneno machache: ufundi alikuwa nao, kilichokosekana ni mbao.

Mkutano ulidhani amemaliza, naye akaendelea. Mwaka mmoja shule kadhaa za eneo zilihitaji madawati, kazi ambayo angeweza kuifanya akiwa amefumba macho, lakini kazi hiyo ilitolewa kwa zabuni. Zabuni ilimtaka awe na biashara iliyosajiliwa, cheti cha kulipa kodi ipasavyo kutoka mamlaka ya mapato, makadirio ya gharama yaliyopangwa kwa safu, na barua ya maombi kwa Kiingereza. Aliyepata zabuni alikuwa kijana asiyejua kushika patasi. Kijana huyo akamwita fundi amtengenezee madawati kwa malipo ya kila dawati, na faida ikabaki kwa mwenye karatasi. Fundi hakumlaumu kijana yule. Alisema tu kwamba mtoto wake yuko kidato cha tatu katika shule inayozungumziwa, na kwamba anataka mtoto huyo ajue kukata kiungo cha mbao kisichotikisika na pia ajue kuandika barua ile. Akaketi. Kwa maoni yangu, ndani ya dakika zile chache kulikuwa na uchambuzi bora wa mafunzo ya ufundi nchini kuliko katika ukurasa wote na nusu wa pendekezo.

Kuhusu kina mama, hao hawakuzungumza sana barazani, ila katika mkutano wa wazazi walizungumza bila kukatizwa, na jambo lao lilikuwa njia. Sekondari nyingine ya umma iliyo karibu inahitaji nauli ya kwenda na kurudi, au kupita njia ya mkato kando ya msitu. Molo ni baridi. Kuna asubuhi ambapo ukungu hautoki mpaka saa tatu, na mtoto anayepaswa kufika shuleni saa moja kasorobo huondoka nyumbani gizani. Mama mwenye mabinti wawili alisema kwamba wanaume waliosimama barazani walikuwa wakijadili cheti, na yeye anajadili kilomita. Shule ya bweni ni mlima mwingine: karo iliyowekwa na serikali kwa shule za kitaifa na zinazozifuata imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla ya sare, godoro, sanduku na pesa za matumizi. Shule ya kutwa inamtaka mzazi alipe chakula cha mchana na sare, na hata hivyo wapo wanaoshindwa. Kwa familia za namna hiyo shule hii si moja kati ya nyingi za kuchagua. Ikiondoka, binti hataenda shule nyingine nzuri zaidi. Atabaki nyumbani, na baada ya muda ataambiwa kwamba alikataa shule.

Lipo jambo ambalo wazazi hao waligusia kwa sauti ya chini, nami nitaligusia vivyo hivyo. Ukanda wa Molo ulipata machafuko ya kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007. Shule ya kutwa ni mahali ambapo watoto wa pande zote za barabara huketi dawati moja kwa miaka mfululizo, wakishirikiana chaki, mpira na adhabu. Kozi fupi za ufundi, ambazo watu huingia na kutoka kwa nyakati tofauti, zina faida zake, ila hiyo haimo. Pendekezo halikulitaja, na wala si jambo linaloandikika kwa urahisi katika safu ya gharama na mapato.

Nilifunguliwa karakana siku ya Jumamosi. Ilijengwa na wazazi katikati ya miaka ya 1980, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na shule zikaagizwa ziwe na vyumba vya masomo ya kazi. Jengo ni la mawe, lina madirisha mapana upande wa mashariki, na yeyote aliyelichora alielewa kwamba seremala anahitaji mwanga. Ndani kulikuwa na viti vilivyovunjika, magunia ya mahindi ya mpango wa chakula na kopo za rangi zilizokauka. Chini ya viti hivyo, tulipoviondoa, palikuwa na meza nne nzito za useremala, na kila meza bado ilikuwa na jiriwa yake. Mwalimu aliyenifungulia, anayefundisha fizikia na hisabati, alipaka mafuta kidogo ya kupikia kwenye parafujo ya jiriwa mojawapo, akauzungusha mkono wake kwa nguvu mara mbili tatu, na ile taya ya chuma ikasogea. Alitabasamu kama mtoto. Hakuna aliyekumbuka ni mwaka gani somo la useremala lilifundishwa humo mara ya mwisho; waliokumbuka walisema tu kwamba mwalimu wake alihamishwa na hakuletwa mwingine.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyesimama katika baraza la pili na kusema jambo ambalo lingepaswa kusemwa mwanzoni kabisa. Useremala, ufundi wa chuma, ujenzi, umeme na ufundi wa mitambo ni masomo ya KCSE tangu zamani. Shule yoyote yenye karakana na mwalimu inaruhusiwa kuyafundisha ikiwa ingali shule ya upili. Katika sekondari pevu, iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026, wanafunzi hugawanywa katika mikondo mitatu: wa kwanza ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa pili ni wa sayansi za jamii; na wa tatu ni wa sanaa pamoja na michezo. Ndani ya mkondo wa kwanza upo mkondo mdogo wa masomo ya kiufundi, na mtoto anayeuchukua huendelea kusoma Kiingereza, Kiswahili na hisabati, na mlango wa chuo kikuu haufungwi nyuma yake. Kwa maneno mengine, kile ambacho wenye pendekezo walikitaka kwa watoto kingeweza kupatikana bila kuifuta sekondari. Aliongeza kwamba Kisumu na Sigalagala si mfano unaofaa, kwa kuwa zile zilikuwa tayari shule za kiufundi zenye vifaa na walimu, na zilipokea wanafunzi kutoka mbali. Hazikuwa sekondari pekee ya mtoto anayetembea kwa miguu.

Hapo ndipo mjadala ulipogeukia sheria, na ingawa sehemu hii haikuwavutia wengi, ndiyo iliyoamua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziacha shule za sekondari mikononi mwa serikali ya kitaifa, na vyuo vya ufundi vya vijijini likavipa kaunti. Kuigeuza shule kuwa chuo cha aina hiyo ni kuihamisha taasisi nzima kutoka serikali moja hadi nyingine, jambo linalohitaji makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Walimu wameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu, kwa hiyo wangehamishwa, na wakufunzi wangelazimika kuajiriwa na kaunti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu sekondari kuwa sehemu ya elimu ya msingi, ambayo Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto kuwa haki yake. Mafunzo ya ufundi hayamo katika haki hiyo kwa namna ileile. Na ardhi, ambayo kila mtu alikuwa akiifikiria bila kuitaja, haikuwa na hatimiliki. Kipande kilichotengwa wakati wa kugawanya shamba kilikuwa kimebaki kwenye ramani tu, kama ilivyo kwa shule nyingi za umma nchini. Mzee mwenye risiti alisema kwamba kitu kisicho na hati hakihamishwi mara mbili bila kupungua, na hilo lilipigiwa makofi na pande zote mbili.

Swali lililobaki ni kwa nini chuo kipya, ilhali katika wadi ya jirani kuna chuo cha ufundi cha kaunti chenye vyumba vitupu. Kijana mmoja aliyesoma huko alieleza kwamba walikuwa na mkufunzi mmoja kwa kozi mbili na cherehani ambazo ziliharibika zikakaa hivyo muhula mzima. Mwakilishi wa wadi alijibu kwa unyofu ambao nilimheshimu kwao: kujenga au kugeuza jengo kunaonekana na wapiga kura, na kununua sindano za cherehani hakuonekani. Sidhani alikuwa akijitetea. Nadhani alikuwa akieleza namna bajeti zetu zinavyopangwa, na ningependa maneno hayo yaandikwe mahali fulani, kwa sababu ukiyaacha huwezi kukielewa kisa hiki.

Baraza la pili halikupiga kura. Afisa wa elimu wa kaunti ndogo alieleza kwamba hakuna mabadiliko yatakayofanywa kwa shule yenye watahiniwa wa 8-4-4, ambao wa mwisho watafanya KCSE mwaka 2027, na kwamba pendekezo lolote jipya litapitia bodi ya elimu ya kaunti likiwa na maoni ya wazazi kwa maandishi. Bodi ya shule ikaamua mambo mawili: kuomba shule iruhusiwe kutoa masomo ya kiufundi katika sekondari pevu, na kuanza kutafuta hatimiliki. Mwakilishi wa wadi aliahidi kupeleka vifaa katika chuo cha jirani. Hadi ninapoandika, cherehani zimetengenezwa, jambo ambalo ni jema, na mkufunzi wa pili hajaletwa. Mpimaji ardhi amekuja mara moja, akaweka alama za rangi kwenye vigingi vitatu kati ya vinne, kwa sababu cha nne kimo ndani ya shamba la mtu.

Gredi ya 10 iliyoingia Januari 2026 ilikuwa ndogo kuliko walimu walivyotarajia, na sioni namna ya kuutenganisha uchache huo na uvumi wa mwaka uliotangulia. Kwa kadiri ninavyoona, hilo ndilo dhara kubwa lililofanywa, na halikufanywa na mtu mwenye nia mbaya. Shule ndogo huishi kwa imani ya wazazi kwamba itakuwepo mwakani. Wenye pendekezo walikuwa na haki ya kuuliza kama shule inawafaa watoto, na nawashukuru kwa kuuliza, kwa kuwa bila wao magunia yangekuwa bado yamelalia zile meza. Lakini walipaswa kuuliza kwa walimu, kwa wenye risiti na kwa kina mama kabla ya kulipeleka jibu sokoni.

Karakana imefagiliwa na paa lake kuzibwa. Fundi wa kando ya barabara alikubali kuja Ijumaa alasiri kuwaonyesha watoto namna ya kunoa patasi na kusoma mwelekeo wa nyuzi za ubao, naye mwalimu wa fizikia huwa chumbani naye, kwa kuwa sheria haimruhusu kuachiwa darasa mtu asiyesajiliwa na TSC. Ameelezwa kwamba serikali ina utaratibu wa kuutambua na kuupa cheti ujuzi ambao mtu ameupata kazini. Aliijaza fomu yake kwenye meza ya kwanza karibu na dirisha, mwanawe anayesoma shuleni hapo akimsomea maswali na kumwandikia majibu kwa Kiingereza, na mahali palipouliza miaka ya uzoefu walisimama kidogo wakibishana kama miaka mitano ya marufuku ihesabiwe au iachwe.